Tone la Rangi Chini ya Buti

"Dada, hilo gari lako linalilia rangi! Lioneeni huruma, jamani!"

Aliyesema alikuwa mzee mmoja mwenye kitambi na kofia ya ukili, soda mkononi, akapita zake huku wenzake wakicheka nyuma yake. Ardith Sobczak hakuinua uso. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, gauni la manjano la madoa meupe limemfika magotini, kitambaa kichwani, anajipepea kwa kipande cha boksi. Maneno ya namna ile aliyasikia tangu asubuhi, hata yalikuwa hayamwingii tena.

Ilikuwa Agosti, na mji wa Pontiac, jimbo la Michigan kule Marekani, ulikuwa umefurika watu. Kila mwaka siku hiyo magari ya zamani yenye silinda nane, yale wenyewe wanayaita magari ya misuli, hutoka mafichoni na kupangwa safu kwa safu kwenye majani, kando ya barabara ya Woodward. Mengine yamebaki machache kama meno ya bibi kizee. Maboneti yako wazi, bampa zinang'aa mpaka unajiona ulivyokonda, na mtu akiwasha injini upande huu, wa upande ule anaisikia kifuani. Petroli inanuka, vitunguu vinakaangwa, wanaume wazima wanapiga kelele kama watoto.

Gari la Ardith lilikuwa GTO la mwaka 1970, rangi ya kijani cha pilipili mbichi. Zamani, lakini. Sasa paa lilikuwa limefifia kama nguo ya kushindia, mlangoni kuna mikwaruzo, na ubavuni kutu imeanza kuchungulia. Rangi ile aliipiga baba yake kwa mkono wake, Kaz Sobczak, alipokuwa kibarua wa chumba cha rangi kwenye kiwanda cha magari, mji huu huu. Kiwanda kimefungwa. Kaz naye amelala makaburini huu mwaka wa pili.

Na gari lilikuwa na siri yake. Siku Ardith alipozaliwa, msimamizi alifungua mlango wa chumba cha rangi akapiga ukelele, "Kaz! Mkeo amejifungua! Msichana!" Mkono wa Kaz wenye bomba la kupulizia rangi ukaganda mahali pamoja kupita kiasi, na rangi ikachuruzika chini ya ukingo wa mfuniko wa buti, pale nyuma pa kuwekea mizigo, ikakauka pale pale. Tone dogo, kama punje ya mchele. Wakaguzi hawakuliona. Kaz akanyamaza, akalifuata gari lile mpaka dukani, akalinunua kwa mshahara wa miaka. Kila Agosti kabla ya kutoka nyumbani alikuwa akikishika kidole cha binti yake na kukipitisha pale chini.

"Huyu ndiye wewe," alikuwa akisema. "Siku niliyoharibu kazi kwa furaha. Lakini usimwonyeshe kila mtu, sikia? Fundi haonyeshi kosa lake kwa wapita njia. Hili ni la watu wa nyumbani."

Mama alikwisha kutangulia zamani. Picha za baba hazikuwa nyingi, na katika zote alikuwa amefumba macho. Basi Ardith alipotaka kuwa na baba yake, alikwenda nyuma ya gari akapitisha kidole.

Saa ile ya mchana ndipo alipomwona mwanamume amechuchumaa kando ya gurudumu lake la nyuma. Kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, suruali ya jinzi, na mikono yote miwili ameifunga mgongoni. Hapo Ardith akapendezwa. Kwenye maonyesho haya adabu kubwa ni hiyo: gari la mtu haliguswi. Anayetaka kuangalia kwa karibu huirudisha mikono nyuma, mwenye gari ajue ana mgeni mwema.

"Umepoteza nini chini ya gari langu?" akamwuliza.

"Akili, bibie. Ilikuwa hapa sasa hivi."

"Basi iokote upesi, watu wanataka kupita."

Kijana akacheka, akasimama, mikono bado mgongoni. "Hii rangi ni ya kiwandani. Haijaguswa tangu siku ya kwanza."

"Ni ya baba yangu."

"Mimi ni fundi rangi. Leland Pruitt. Gereji yangu iko kule Ferndale."

"Ahaa! Ndiyo maana unalitazama kama daktari wa meno anavyotazama mdomo wa jirani."

"Nipe hili gari msimu mmoja tu, nitalifanya watu walie."

"Lenyewe lilishalia siku moja," Ardith akasema. "Inatosha."

Leland akadhani ni mzaha, akacheka. Ardith naye akacheka kwa sababu meno ya kijana yalikuwa mazuri. Baadaye alikuja kuukumbuka mlango ule wa siri aliouacha nusu wazi badala ya kumwambia, akajiuma vidole.

Leland akaenda, akarudi na mikate miwili ya soseji iliyomwagiwa mchuzi wa nyama na vitunguu. Wakala wamesimama, mchuzi ukamdondokea shati jeupe.

"Umeona?" Ardith akasema. "Fundi rangi amejipaka mwenyewe."

"Ni wewe umenitetemesha mkono."

"Nenda huko! Wangapi umewaambia hivyo leo?"

"Leo? Wewe tu. Jana sikumbuki."

Mapenzi yao yakaanza hivyo, kwa kucheka. Ardith alikuwa akifanya kazi kwenye duka la mikate mjini Hamtramck, na akikaa ghorofa ya juu yake kwa Shangazi Wanda, dada yake Kaz, mjane mwenye ulimi. Kila jioni simu ya ukutani ilipolia shangazi ndiye aliyewahi.

"Haloo? Ardith hayupo, ameolewa."

"Shangazi Wanda, ni mimi Leland."

"Najua ni wewe. Nani mwingine anapiga simu wakati watu wanakula? Wewe wazazi wako wa milima ya Kentucky hawakukufundisha?"

"Walinifundisha, shangazi, ila kwetu hapakuwa na simu."

Shangazi hucheka mpaka akakohoa, ndipo Ardith amnyang'anye simu, avute waya wake mrefu mpaka kwenye ngazi, akae gizani na sauti ile sikioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula rangi tupu leo. Nikipiga chafya natoa bluu."

Novemba theluji ikashuka nzito, ikaliangusha paa la banda la shangazi. Gari likanusurika kwa rehema za Mungu tu. Na kule Michigan gari la zamani halionyeshwi barabara wakati wa baridi, maana barabara humwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, na chumvi hula chuma kama mchwa. Hulazwa chini ya turubai, na likilala halifunuliwi mpaka mvua za machipuko zisuuze chumvi yote. Wazee wanasema ukilifunua kabla ya hapo umeliitia mkosi.

"Lilete kwangu," Leland akasema. "Nina kona kavu. Nitalilinda kama yai."

"Hutaligusa?"

"Breki tu na klachi. Zimechoka, Ardith, utakuja kujiua."

Akampa ufunguo. Moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Aliwaza: Agosti, tukirudi uwanjani, nitamshika kidole nimwonyeshe tone. Baba alisema la watu wa nyumbani. Na huyu, nikiangalia, ndiye nyumba yangu.

Mwezi wa Februari, siku ile kabla ya Kwaresima ambapo Wapolandi wa Hamtramck hula maandazi ya jemu mpaka wakavimba, foleni ilizunguka duka zima. Leland naye akaja, kofia ya sufu imemfunika nyusi. Ardith alipompa pakiti yake, uso umejaa unga, akaona rangi ya kijani kwenye kucha za Leland.

"Gari la nani hilo?"

"La mteja. Mwanamke mmoja mkorofi sana."

"Mzuri?"

"Mzuri, lakini ana mdomo. Na shangazi yake ndiyo balaa."

"Pumbavu wewe," Ardith akasema akicheka, akamwongezea andazi. Watu wa foleni wakaguna. Wala hakufikiri zaidi. Kijani duniani ni nyingi.

Mvua zikaja, chumvi ikaoshwa, majani yakachipua. Kila akiuliza gari, jibu lilikuwa klachi haijaja, mara imekuja siyo, mara subiri kidogo. Julai Ardith mwenyewe akampigia simu.

"Leland, Agosti nina kitu nataka kukuonyesha. Cha ndani kabisa. Shangazi tu ndiye anayekijua."

"Na mimi nina changu."

"Changu hakionekani vizuri kwa macho. Utakigusa."

"Changu kitaonekana toka Ohio."

Wakacheka wote wawili, kila mmoja na siri yake kifuani.

Agosti ikafika. Ardith akavaa gauni lile lile la manjano, akafika uwanjani na shangazi akimshika mkono. Mahali pao pa mwaka jana palikuwa na kitu kimefunikwa shuka jeupe, na watu wamezunguka. Leland amesimama mbele, shati jipya, nywele amezilowesha na kuzichana. Mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti, "Mabibi na mabwana, tulizeni injini kidogo, kijana huyu ana neno!"

Leland akavuta shuka.

Watu wakasema, "Looo!"

Lilikuwa kijani kama jani lililonyeshewa sasa hivi. Hakuna kutu wala mkwaruzo. Mawingu yalikuwa yakipita ndani ya boneti. Mzee mwenye kitambi, yule yule, akavua kofia yake akaishika kifuani. Makofi yakapigwa, na katikati ya makofi Leland akapiga goti kwenye majani, kiboksi kidogo mkononi, pete ndani.

"Ardith Sobczak, mwaka jana walikucheka hapa. Niliapa hawatakucheka tena. Nimefanya usiku na mchana, kwa mkono wangu, sikumwachia mtu. Uta..."

Ardith akampita.

Alimpita kama mtu apitavyo nguzo, akaenda nyuma ya gari. Akainama. Akaingiza kidole chini ya ukingo wa mfuniko wa buti, akakipitisha kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akakirudisha, kisha tena. Palikuwa laini. Laini kama kioo, laini mpaka mwisho.

"Mpenzi?" Leland alikuwa amemfuata, kiboksi wazi mkononi. "Kuna kasoro?"

"Lilikuwa hapa."

"Nini?"

"Tone."

Uso wa Leland ukafunguka, kama mtu aliyeulizwa swali analolijua. "Lile? Nililiona! Ndilo la kwanza kuliondoa, nikalipiga msasa mpaka kwenye chuma. Kazi mbovu ya mtu wa kiwandani, nikasema huyu alikuwa amelala au..."

Alikuwa amemwona Shangazi Wanda amefunika mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Mtu wa kiwandani alikuwa baba yangu," Ardith akasema. Sauti yake haikupanda. "Aliambiwa nimezaliwa. Mkono ukasimama. Hilo ndilo nililotaka uliguse leo."

Nyuma yao watu bado walikuwa wakipiga makofi, maana hawakusikia. Mtangazaji akauliza kwa kipaza sauti, "Amekubali? Amekubali?" Leland akafunga kiboksi, na mlio wake mdogo ule Ardith aliusikia kuliko injini zote za uwanja.

Gari likapewa kikombe siku hiyo. Wiki nzima watu walikuja dukani kumpongeza. Baba alikuwa amekufa mara ya pili, na safari hii hakuna aliyeleta sahani ya chakula. Walileta hongera. Ardith alikanda unga, akapokea hongera, akapanda juu, akalala na viatu.

Simu ililia kila jioni.

"Hataki, mwanangu," Shangazi Wanda alikuwa akisema, na sasa hakuwa na mzaha. "Ungenipaka rangi mimi ningevumilia. Pale, Leland! Mahali pale!"

"Nilitaka wasimcheke, shangazi. Basi tu."

"Najua. Ndiyo inayoniuma."

Jioni moja Ardith mwenyewe akainua mkono wa simu, akakaa kwenye ngazi kama zamani.

"Niambie la kufanya, nitafanya," Leland akasema haraka, kama aliyeogopa simu itakatwa.

"Hakuna."

"Naweza kulirudisha. Pale pale, ukubwa ule ule. Nalikumbuka lilivyokuwa, Ardith, mimi ni fundi, nitali..."

"Leland." Akapumua. "Unaweza pia kuvaa koti lake, ukaja hapa ukaniita binti yangu."

Akasikia upande ule wa simu mwanamume analia kwa kujificha, kama wanaume wanavyolia, kwa pua. Alitaka kumwambia nyamaza mpenzi. Neno lilifika mpaka kwenye meno likarudi. Akakata simu taratibu.

Shangazi alikuwa amesimama juu ya ngazi na taulo la vyombo. "Kaz mwenyewe angemcheka yule mtoto. Angesema, kijana amepiga rangi vizuri kuliko mimi, mpe bia."

"Najua, shangazi."

"Kama unajua, basi?"

"Baba angemsamehe siku hiyo hiyo. Mimi sikurithi moyo ule. Nilirithi gari."

Shangazi akashuka, akakaa ngazi ya chini yake, wakakaa hivyo.

Oktoba, kabla barabara hazijamwagiwa chumvi, Leland akatuma neno kwa shangazi: gari lingali kwake tangu maonyesho, Ardith aje alichukue, hatamsumbua. Ardith akaenda mchana, koti la kahawia limefungwa mpaka shingoni. Gereji ilikuwa imefagiliwa. Leland alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa, na juu ya meza yake palikuwa na chupa ya jemu, safi, mfuniko umekazwa. Ndani yake mlikuwa na vumbi la kijani.

"Sikutupa pipa la msasa uliotumika," akasema bila kumwangalia. "Nilikwangua vipande vyote, kimoja kimoja. Vumbi la mlango na la paa na la... pale. Yamechanganyika, sijui lipi ni lipi. Lakini lake limo humo. Kwa vyovyote limo."

Ardith akaichukua chupa kwa mikono miwili. Ilikuwa nyepesi mno. Akaiinamisha, vumbi likatelemka upande mmoja polepole, likalala.

"Asante," akasema. Akaiegemeza kifuani. "Nimekusamehe, Leland."

"Unasema kama mtu anayerudisha sahani ya jirani."

"Nimekusamehe kweli. Ulinipenda kuliko nilivyostahili. Ila kila nikifikiria mkono wako, nasikia pale palipo laini. Ningekuambia mapema, tungekuwa wapi sasa? Nilikuwekea siri kama zawadi, nawe ukaniwekea zawadi kama siri. Hatuna wa kumlaumu."

"Utarudi? Si leo. Hata mwakani. Hata ukiwa umezeeka na mdomo huo huo."

Ardith akatabasamu kidogo, machozi yakampitia kwenye tabasamu lile. Akaiweka chupa kwenye kiti cha mbele, akaizungushia mkanda. Kisha akageuka, akasimama mbele yake, karibu kiasi cha kusikia harufu yake ya sabuni na rangi.

Akangoja. Mwenyewe hakujua anangoja nini. Kama angeguswa pale, labda angepiga kelele, labda angeanguka kifuani pake akalia mpaka magari yote ya Michigan yakashika kutu. Alitazama mabega yake, akatazama viwiko vyake. Mikono ya Leland ilikuwa mgongoni. Alikuwa ameifunga nyuma kama siku ile ya kwanza, kama mgeni mwema mbele ya kitu kisicho chake. Safari hii alikuwa amejifunza adabu mpaka mwisho.

Mikono haikutoka.

Ardith akaingia garini, akawasha injini, sauti ikajaa gereji, akatoka.

Kwenye barabara ya Woodward taa zikamsimamisha. Kando yake likasimama gari dogo, dereva mzee, akateremsha kioo akatoa kichwa chote nje.

"Dada! Loo, gari hilo! Linang'aa kama embe bichi! Hebu niambie, nani kalipiga rangi?"

Ardith akafungua mdomo. Jibu lake alikuwa nalo tangu utotoni, neno moja tu, lilikuwa linatoka lenyewe bila kulifikiria. Likafika ulimini likamsimama. Akamtazama mzee, mzee akamtazama yeye, anangoja, anatabasamu.

Taa ikabadilika. Wa nyuma wakapiga honi.